Ukingojea mtu pale Archives, uko mlangoni kwa Joseph Murumbi

Kama wewe ni mtu wa Eastlands, najua umewahi kungojea mtu pale Archives. Umeshuka matatu, umevuka barabara huku umeishika simu kwa nguvu, ukasimama karibu na sanamu ya Tom Mboya, ukatuma ujumbe kwamba umefika. Yule unayemngoja amekwambia yuko Muthurwa, kumbe bado yuko Donholm anatafuta viatu. Unanunua njugu za shilingi kumi. Unatazama watu. Nyuma yako kuna jengo kuukuu lenye nguzo, na katika miaka yote hiyo hujawahi kuingia.

Usijali, hata mimi nilikuwa hivyo. Nimelelewa Donholm, na kwangu Archives ilikuwa tu jina la mahali pa kupatana, kama vile watu wa zamani walivyosema wakutane Ambassadeur. Siku niliyoingia ni mvua iliyonisukuma. Nililipa kiingilio, nikapita mlango wa chini, na nikabaki nimesimama kama mtu aliyepotea njia. Vinyago, ngao, viti vya wazee, mapambo, nguo za kila pembe ya Afrika. Na kila mahali jina moja: Murumbi.

Ningekuwa mtu mwingine labda ningepiga picha mbili tatu nikaondoka mvua ilipokatika. Lakini mimi ni mkusanyaji pia, wa kiwango cha mkebe. Nina mkebe wa Kimbo alioniachia babu, umejaa sarafu za nchi mbalimbali, na ni watu wachache sana mtaani wanaoelewa kwa nini mtu mzima anaweka pesa ambazo haziwezi kununua hata sukari guru. Pale ndani nilihisi nimekutana na mtu anayeelewa. Tatizo ni kwamba alifariki kabla mimi sijazaliwa.

Basi hebu nikusimulie maisha yake. Nina sababu yangu, na nitakwambia mbele.

Mtoto wa Eldama Ravine

Joseph Murumbi alizaliwa 1911 Eldama Ravine, katika Bonde la Ufa. Baba yake alikuwa mfanyabiashara Mgoa, yaani Mhindi wa Goa, kwa jina la ukoo Zuzarte. Mama yake alikuwa Mmaasai, binti wa familia ya laibon. Fikiria hiyo Kenya ya 1911: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, na sheria inalinda huo mpangilio. Halafu unazaliwa mtoto ambaye hakuna kikapu kinachomtosha.

Akiwa mtoto mdogo alipelekwa India kusoma. Hiyo si safari ya kwenda na kurudi likizo. Ilikuwa meli, na miaka mingi shuleni huko Bangalore mbali na mama. Aliporudi Kenya mapema miaka ya 1930 alikuwa kijana aliyekomaa, mgeni katika nchi aliyozaliwa. Wakati fulani alilazimika kuchagua yeye ni nani. Angeweza kubaki Zuzarte, akaingia ile safu ya katikati, akala maisha. Yeye alichagua jina la upande wa mama. Akawa Murumbi.

Nakuomba ushike hilo jambo la kuchagua, kwa sababu naona ndilo lililomfanya mkusanyaji. Mtu ambaye ameambiwa maisha yake yote kwamba hana pa kusimama huanza kuokota vitu vya kumwonyesha anapotoka. Hayo ni maoni yangu, unaweza kuyakataa.

Miaka ya 1940 aliitumia Somalia, akifanya kazi chini ya utawala wa kijeshi wa Waingereza ambao walikuwa wamewaondoa Waitaliano huko wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Alirudi Nairobi 1952. Ukiwa hukulala darasani unajua ni nini kilichotokea mwaka huo. Mwezi wa Oktoba hali ya hatari ilitangazwa, Jomo Kenyatta na wenzake wakakamatwa, kesi ikapelekwa Kapenguria. Chama cha KAU kilibaki bila viongozi. Murumbi, ambaye hata hakuwa amezoeleka katika siasa za nchi, ndiye aliyeingia kukaimu ukatibu mkuu. Kazi yake ilikuwa ngumu: kusaidia kutafuta mawakili wa kuwatetea waliokamatwa, na kuieleza dunia yanayotendeka. Mwenzake wa karibu katika kazi hiyo alikuwa Pio Gama Pinto, Mgoa mwingine wa Nairobi. Mkumbuke huyo, tutamrudia.

Mwaka wa 1953 Murumbi aliondoka nchini kwenda kuitetea Kenya nje, na KAU ikapigwa marufuku mwaka huo huo. Safari aliyodhani ni ya muda ikawa uhamisho wa karibu miaka tisa.

London, vitabu na Sheila

Huko London alifanya kazi katika vuguvugu la kupinga ukoloni pamoja na mbunge Fenner Brockway, na baadaye akaajiriwa katika ubalozi wa Morocco. Mshahara haukuwa wa kutamba. Lakini London ilikuwa na maduka ya vitabu vikuukuu, na kwenye rafu za nyuma kulikuwa na Afrika: vitabu vya wapelelezi, wamishonari, wanajeshi, ramani, barua, stempu. Vitu vilivyoandikwa kuhusu sisi, vikauzwa huko, vikasahauliwa huko.

Murumbi akaanza kununua, kitabu kimoja baada ya kingine.

Nataka uone jambo hili vizuri. Huyu ni mtu asiyeweza kurudi kwao. Nchi yake iko vitani, wenzake wako gerezani au kizuizini. Wikendi anaingia dukani, anapekua vumbi, anatoka na kitabu cha karne ya 19 chini ya kwapa. Ukimwangalia kwa mbali ungesema anapoteza wakati. Kumbe anairudisha nyumbani nchi yake kipande kwa kipande, kwanza ikae kwenye chumba chake, mengine yatajulikana.

Huko huko alikutana na Sheila Kaine, mkutubi. Wewe fikiria bahati ya mkusanyaji anayempenda mkutubi! Mmoja analeta, mwingine anapanga. Kuanzia hapo huwezi kusema mkusanyo wa Murumbi peke yake. Ni wa Joseph na Sheila, na ndivyo unavyoandikwa mpaka leo.

Kiti cha juu, miezi michache

Murumbi alirudi Kenya 1962, uhuru ukiwa unanukia. Baada ya uhuru wa 1963 alikuwa waziri katika ofisi ya Kenyatta, kisha mwaka wa 1964 akawa Waziri wa Mambo ya Nje, mmoja wa watu waliofungua balozi za kwanza za nchi hii. Kila alikosafiri alirudi na kitu: kinyago, kitambaa, kidani, sanamu. Akiwa serikalini pia alikuwa miongoni mwa waliotaka Kenya iwe na mahali rasmi pa kutunza nyaraka zake, na sheria ya kuanzisha Kumbukumbu za Kitaifa ikapitishwa 1965.

Mwaka huo huo, tarehe 24 Februari, Pio Gama Pinto alipigwa risasi nje ya nyumba yake Westlands, akiwa ndani ya gari pamoja na binti yake mdogo. Ndiyo mauaji ya kwanza ya kisiasa katika Kenya huru. Kwa Murumbi hakuwa tu mwanasiasa mwenzake. Alikuwa rafiki aliyemshika mkono siku za KAU, siku ambazo kushikwa mkono kulikuwa na gharama.

Mwezi wa Aprili 1966 Jaramogi Oginga Odinga alijiuzulu umakamu wa rais. Mwezi uliofuata Murumbi akateuliwa badala yake, Makamu wa Rais wa pili wa Kenya. Wewe unajua siasa za nchi hii. Unajua watu wanavyokula viapo, wanavyohama vyama, wanavyoshikilia kiti mpaka kiwachoke. Murumbi alikaa miezi michache, kisha akajiuzulu kabla mwaka kuisha. Sababu rasmi ilikuwa afya. Waliomjua wamesema tangu zamani kwamba kilichomwondoa ni moyo kuvunjika: Pinto amekufa, na baadhi ya watu waliopigania ardhi pamoja sasa wanaigawana. Nafasi yake ilichukuliwa na Daniel arap Moi Januari 1967, na mengine unayajua.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikwama, nikaona aibu, nikaacha kwenda. Sijilinganishi na makamu wa rais, tafadhali. Lakini najua vile watu humwangalia mtu aliyetoka mahali ambapo kila mtu anataka kuingia. Wanafikiri umeshindwa au una wazimu. Ndiyo maana sehemu inayofuata ya maisha ya Murumbi huwa naipenda kuliko zote, kwa sababu alipotoka ndipo alipofanya kazi yake kubwa.

Duka la Kenyatta Avenue

Baada ya siasa aliingia katika biashara, na akawa na muda wa kukusanya kwa uhakika. Nyumba yake ya Muthaiga ilijaa. Vitabu vilivyochapishwa kabla ya 1900 pekee vilikuwa zaidi ya 8,000. Soma hiyo nambari tena, kisha uangalie rafu yako. Kulikuwa na nyaraka, kulikuwa na stempu za Afrika zinazohesabiwa miongoni mwa mikusanyo bora ya aina yake, kulikuwa na sanaa kutoka Ethiopia mpaka Afrika Magharibi.

Mwaka wa 1972 yeye, Sheila na Mmarekani mmoja, Alan Donovan, walianzisha African Heritage hapa Nairobi. Leo ukivaa shanga za Kiafrika na suti hakuna anayekushangaa. Wakati huo Mkenya mwenye pesa alitaka kila kitu kitoke London. African Heritage iliweka kazi za Waafrika mahali pa heshima katikati ya jiji, ikawa na maonyesho, mavazi, wanamitindo, muziki. Msanii wa kijijini akajua kuna mlango mjini unaoweza kufunguka.

Mauzo

Sasa tufike pale panaponiuma.

Mkusanyo mkubwa ni mzigo. Unahitaji nafasi, ulinzi, bima, dawa ya mchwa. Murumbi alianza kuwaza kuhusu siku ambayo hatakuwepo. Watu wa ng'ambo walikuwa tayari kuununua, na kwa pesa nzuri. Alikataa. Katikati ya miaka ya 1970 alikubali kuiuzia serikali ya Kenya nyumba ya Muthaiga na mkusanyo uliokuwamo, kwa bei ya chini kuliko ile ambayo angepata nje. Makubaliano, kama alivyoyaelewa, yalikuwa kwamba nyumba ile ingegeuzwa kuwa taasisi ya masomo ya Afrika, vijana waje wasome pale pale vitabu vilipo, chini ya ile miti ya kiasili aliyoitunza kwenye ua.

Hiyo taasisi, rafiki yangu, haikujengwa. Vitabu na sanaa vilihamishiwa Kumbukumbu za Kitaifa. Nyumba ikaachwa ikachakaa, kisha ikabomolewa, na miti ikakatwa. Yeye na Sheila walikuwa wamehamia Transmara, kwenye shamba la Intona, wakajenga huko nyumba nyingine kubwa na kuanza kukusanya upya. Nyumba hiyo nayo, baada yao, ikaishia kuwa gofu.

Joseph Murumbi alifariki Juni 1990, akiwa na miaka 79. Alizikwa City Park, Nairobi, kwa sababu alitaka kulala karibu na Pinto. Sheila alimfuata mwaka wa 2000, naye akazikwa hapo. Hata hapo makaburini kulikuwa na tishio la wanyakuzi wa ardhi, mpaka marafiki wakapiga kelele. Leo kuna bustani ya kumbukumbu yake yenye sanamu za wasanii aliowapenda, kama Elkana Ong'esa wa Kisii. Ukitaka kwenda si mbali: ni pale Parklands, karibu na Limuru Road.

Florini ya babu

Nilikuahidi sababu yangu. Hii hapa.

Katika mkebe wa babu kulikuwa na florini ya fedha ya 1920. Pengine hujawahi kusikia kwamba nchi hii iliwahi kutumia florini. Kabla yake watu walitumia rupia, kwa sababu ya biashara na India. Mwaka wa 1920 Waingereza wakaiondoa rupia wakaleta florini. Haikukaa sana, shilingi ikaingia, florini moja ikahesabiwa shilingi mbili. Shilingi tunayolilia leo ni mjukuu wa mvurugano huo. Ile sarafu ilikuwa na uso wa mfalme George V upande mmoja na simba upande mwingine, na ilikuwa nzito kiganjani kwa namna ambayo pesa ya siku hizi si nzito.

Nilipoacha chuo niliishi miezi kadhaa bila kazi. Siku moja kodi ilikuwa imechelewa, na jamaa mmoja mjini anayenunua vitu vya zamani akanipa shilingi elfu moja mia tano kwa ile florini. Nikachukua. Nililipa sehemu ya deni, nikanunua unga na mafuta. Jioni nikafungua mkebe, nikaona nafasi yake. Babu aliiweka zaidi ya miaka 50, akipitia njaa ambazo mimi sizijui, na hakuiuza. Mimi niliiuza kwa kodi ya wiki mbili.

Ndiyo maana nilipokuwa nimesimama pale Archives huku mvua ikinyesha, nikisoma kwamba mtu huyu alikataa pesa za ng'ambo ili vitu vibaki Nairobi, nilitamani sakafu inimeze. Halafu nikaona jambo la pili, nalo likanituliza kidogo. Yeye pia alipoteza. Nyumba ilienda, miti ilienda, taasisi haikuja. Kilichobaki kilibaki kwa sababu kulikuwa na watu baada yake walioendelea kushughulika: watunzaji wa nyaraka, Donovan, wafanyakazi wa makavazi wasiojulikana majina. Leo sehemu ya mkusanyo iko Archives, na sehemu nyingine iko Nairobi Gallery, lile jengo la zamani la 1913 kwenye makutano ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, ambapo hapo awali watu walienda kuandikisha vizazi, ndoa na vifo.

Na jambo moja la kuchekesha: lile jengo la Archives zamani lilikuwa benki. Pesa zilitoka, kumbukumbu zikaingia.

Kama unataka kuanza

Huenda unasema haya yote ni ya watu wenye majumba Muthaiga. La. Sarafu ni uraibu wa mtu wa Donholm kabisa, kwa sababu sarafu zinakujia zenyewe. Shangazi yangu alirudi kutoka Ghuba na dirhamu mkobani. Jirani dereva wa lori huniletea za Uganda na Rwanda. Na ya shilingi 40 yenye picha ya Kibaki, iliyotolewa 2003 Kenya ilipotimiza miaka 40 ya uhuru, nilipewa na makanga kama chenji kwenye Jogoo Road. Hata hakuangalia.

Angalia chenji yako leo usiku. Ukiona uso wa Kenyatta au Moi, hiyo imetangulia sarafu zilizozinduliwa Desemba 2018: twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi, ndovu kwenye 20. Kwa nini wanyama? Kwa sababu Katiba ya 2010 ilikataza sura ya mtu yeyote kwenye pesa zetu. Tazama jinsi siasa za nusu karne zilivyo mfukoni mwako.

Au tafuta kwa nyanya yako zile senti zenye tundu katikati, za Afrika Mashariki, ambazo unaweza kuzitunga kwenye uzi kama shanga. Ukipata ya mwaka wa 1936 soma jina la mfalme kwa makini. Inaweza kuwa ya Edward VIII, aliyetawala chini ya mwaka mmoja akaacha kiti ili amwoe mwanamke aliyempenda. Kwao Uingereza sarafu zenye sura yake hazikuwahi kutolewa kwa watu. Lakini senti zetu za tundu hazikuwa na nafasi ya sura, zilikuwa na jina tu, na zilishachapwa. Kwa hivyo mama mboga wa Nairobi aliweza kumshika mfalme ambaye watu wa London hawakumshika. Na si ghali hata kidogo.

Mambo matatu tu nitakuomba. Kwanza, usiisugue sarafu. Najua mkono unakuwasha uichukue na limau na majivu ing'ae. Ukiisugua umeipunguzia thamani na umefuta alama za mikono iliyoishika. Pili, andika. Kikaratasi kidogo kinatosha: imetoka kwa nani, lini, wapi. Babu hakuandika, na sasa sitajua kamwe florini yake ilitoka kwa nani. Murumbi alikuwa na mkutubi nyumbani. Wewe una kalamu. Tatu, mwambie mtu mmoja. Awe mdogo wako, binamu, yeyote. Mwonyeshe mkebe uko wapi na umweleze kilichomo. Murumbi aliandikiana na serikali nzima na bado nyumba ikabomolewa, sembuse wewe ambaye hata mama yako anadhani ni vyuma chakavu.

Yule jamaa wa mjini nilimrudia, miezi minane baadaye, na pesa mkononi. Florini ilishauzwa. Alinieleza iliondoka na mtalii. Sikumlaumu, yeye yuko kazini. Niliporudi nyumbani niliandika kwenye kikaratasi kila ninachokumbuka kuihusu, uzito wake, mkwaruzo uliokuwa karibu na sikio la mfalme, siku niliyoiuza na kiasi nilichopewa, nikakiweka ndani ya mkebe pale ilipokuwa inakaa.

Sasa siku moja tukipanga kupatana, mimi na wewe, usinisubiri pale kwa Mboya. Nitafute ndani, chini pale kwenye vinyago. Na ukichelewa, mimi sina haraka.